Mstari wa Mwisho wa Mapishi ya Mama

Jiko lilikuwa baridi na sufuria zimepinduliwa kabatini, lakini nyumba nzima ilinuka vitunguu vinavyokaangwa. Fundi aliinua kichwa kutoka kwenye gauni la bibi harusi aliloliweka chini ya sindano ya cherehani, akadhani ni jirani. Akaenda dirishani. Mlango wa jirani ulikuwa na kufuli. Mwenyewe yuko kazini. Fundi alicheka peke yake, akarudi kwenye cherehani.

Mezani pembeni yake palikuwa na kopo la biskuti aliloachiwa na mama yake. Mama alifariki ghafla, hata kikapu cha sokoni hajakitua, na ndani ya kopo alikuwa amejaza mapishi yake yote: vipande vya bahasha, migongo ya kalenda, karatasi za dawa, vyote vimefungwa kwa lastiki ya sketi. Na kila pishi lilikuwa na pengo. Kiungo cha mwisho Mama hakukiandika hata siku moja. Alikitamka jikoni, tena kwa kunong'ona.

“Usiandike yote,” alikuwa akimwambia Fundi. “Cha mwisho kikae mdomoni.”

Fundi aliona huo ni uchoyo wa mpishi hodari. Dada yake mkubwa hakuona chochote, maana hakuwahi kukanyaga jikoni kwa hiari yake, na wali aliopika ungeweza kuzibia ufa wa ukuta.

Sasa Fundi ni mtu wa mpangilio; hata vifungo huvitenga kwa rangi na kwa idadi ya matundu. Alinunua faili lenye mifuko ya plastiki, akanakili kila pishi kwa mwandiko safi: supu kwanza, kisha michuzi, kisha mikate na keki, na uji mwisho kabisa. Pale asipokumbuka kiungo cha mwisho, akachora mstari mtupu. Alipomaliza, akaikuta mistari mitupu imejaa faili zima, na machozi yakamlengalenga.

“Lo, Mama,” alisema kwa sauti. “Kama ungekuwepo, ungenijazia.”

Kalamu ikabingirika mezani, ikaanguka. Fundi akaiokota.

Asubuhi mstari wa supu ya maboga ulikuwa umejaa. *Mdalasini kidogo.* Mwandiko ulikuwa wa Fundi mwenyewe. Akajiambia kwamba majonzi hayana adabu, yanaweza kumwandikisha mtu bila habari yake. Akawasha jiko. Bintiye wa pekee, waliyemwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukufungika tangu anapoamka mpaka analala, alisimama juu ya kigoda na kumsomea pishi kwa sauti kubwa, kama mtangazaji wa redio. Fundi alionja, akaonja tena. Ilikuwa supu ya Mama, ile ile. Alilia kwa furaha.

Chiriku akaonja, akakunja uso. “Mama, mbona haina ladha?”

“Wee! Supu ya bibi yako hiyo.”

“Ni kama maji ya moto tu.”

Fundi hakulitilia maanani. Ukajaa mstari wa mchuzi wa kuku, naye Chiriku hakuisikia tena chumvi. Ukajaa wa keki, sukari ikawa mchanga mdomoni mwake. Daktari alimwangalia ulimi, akasema ni ulimi mzuri kabisa. Mtoto akaanza kusukuma sahani, kisha akaacha kuongea, na ukimya wake ndio uliomtisha Fundi kuliko mifupa ya mabega iliyochomoza. Alilipunguza gauni lake la shule kiunoni, akalipunguza tena, na kila akikata uzi alijiuliza atapunguza mpaka wapi. Kilichobaki kikishuka kooni kilikuwa uji tu.

Basi alasiri moja ya mvua, Fundi akiwa amempakata Chiriku na kumlisha uji kijiko kwa kijiko, alisikia kutoka jikoni mkwaruzo wa kalamu juu ya karatasi, na kalamu yake alikuwa nayo mfukoni mwa aproni, na mtu mwingine nyumbani hakuwepo, akainuka na mtoto begani, taratibu, harufu ya vitunguu ikimjaa puani mpaka macho yakamwasha, akalikuta faili limejifungua ukurasa wa mwisho, ukurasa wa uji, na pale kwenye mstari mtupu wino ukijitokeza herufi kwa herufi, bila haraka, kwa mwandiko wake yeye, naye asiweze kupiga kelele wala kunyoosha mkono, mpaka neno likaisha.

Chiriku akatema uji begani kwake.

Dada mkubwa ndiye aliyemleta mganga, mama mmoja mnene mwenye mafua, ambaye alisimama mlangoni na leso puani.

“Nina mafua wiki nzima, sisikii harufu ya kitu,” alisema. “Lakini hivi vitunguu navisikia. Nani kaandika?”

“Mimi,” Fundi alinong'ona. “Lakini niliacha nafasi.”

“Ukamwomba nani aijaze?”

“Mama,” Fundi alisema.

“Huyu jini ni wa jikoni kwenu tangu kwa bibi zenu,” mganga alisema. “Pishi lililoandikwa mpaka mwisho ni sahani yake, na ladha yake anamnyang'anya mtoto. Mama yenu alimnyima kwa lile pengo. Wewe umempakulia.”

“Mtoe, mama yangu. Nakuomba.”

“Simwezi, na sitakudanganya. Tuchome faili, mtoto atarudishiwa chake. Ila asikae nyumba hii. Na huko aendako, pishi la mama yenu lisiandikwe kamili. Hata mara moja.”

Walilichoma kwenye ndoo, pamoja na karatasi zote za kwenye kopo. Chiriku alilamba sukari kiganjani, macho yakamtoka. “Tamu!” akasema, na hapo hapo akaanza kueleza ndoto alizoota mwezi mzima. Fundi alimkumbatia akilia, kisha akamfungia nguo zake za kwenda kukaa kwa mama yake mkubwa.

“Dada, usiandike chochote,” alisihi mlangoni.

“Mdogo wangu, kupika kwenyewe siwezi. Nitaandika mapishi ya nani?”

Fundi akabaki na cherehani yake na ile harufu, iliyolala naye na kuamka naye. Alivumilia. Maadamu ilikuwa kwake, haikuwa kwa mtoto. Kila jioni alipiga simu.

“Mama! Leo wali umeungua, lakini nimekula wote!” Chiriku alipayuka jioni moja, na Fundi akacheka mpaka akashika ubavu. “Kesho tunapika mchuzi wa kuku wa bibi. Naukumbuka wote, si nilikuwa nakusomea?”

Kicheko kikamkauka. “Nipe mama yako mkubwa. Haraka.”

“Nimemhurumia,” dada alisema. “Mtoto anakula makaa kila siku.”

“Dada, usiandike!”

“Pishi? Siandiki pishi, nakumbuka ulivyonisihi. Nimeandika tu vya kununua sokoni nisisahau. Kuku, nyanya, vitunguu, tangawizi...”

“Na cha mwisho? Dada, cha mwisho umekiandika?”

“Majani ya mlimau. Chiriku kaninong'oneza mwenyewe sikioni.”

Fundi akainuka na simu sikioni. Alivuta pumzi. Chumba kilinuka vitambaa na mafuta ya cherehani, basi. Alivuta tena, kwa nguvu, akiitafuta ile harufu kila pembe, akiiomba irudi. Haikuwepo.

“Chiriku,” dada alisema kule upande wa pili, “hebu chungulia dirishani, mwanangu. Jirani gani huyu anakaanga vitunguu?”