Aliyeliliwa Angali Hai

Jua lilikuwa linazama mjini Pest nilipompelekea mume wangu Ambrus supu ya samaki. Alikuwa amepata kibarua cha kulala. Ndiyo, kulala! Mchoraji, Bwana Keleméri, alikuwa anachora kwa rangi za mafuta kifo cha shujaa wetu wa kale aliyeuawa kwa hila ya mfalme, akataka mtu wa kulazwa mezani, afunikwe sanda gubigubi, awashiwe mishumaa. Nilimtania Ambrus kwamba uvivu wake hatimaye umepata mshahara.

Nilipokaribia mlango wa chumba cha mchoraji, nikasikia kilio.

Kilio cha msiba...

“Ambrus wee, Ambrus, nyumba umemwachia nani?”

Bakuli likaniponyoka. Pale mezani alikuwa ameinama Bibi Rebeka, mwombolezaji aliyeletwa kutoka kijijini ili uchungu wa uso wake uchorwe. Kwetu mwombolezaji humlilia marehemu kwa jina lake, roho ijue imeagwa, iende zake. Bibi alikuwa ameuliza jina, na mchoraji, kwa haraka zake, akamtajia la Ambrus.

Sanda ikapanda. Ikashuka. Bibi alipoona inapumua, akarudi nyuma.

“Binti yangu... sikuambiwa huyu yu hai.”

“Kirudishe kilio chako, bibi,” nikanong’ona.

“Hakirudi. Ila wewe usimlilie. Kilio cha mke ndicho hufunga safari ya roho.”

Tangu siku hiyo Ambrus hakusikia njaa wala moto wa jiko. Mwili ulimpoa, ukanuka rangi. Nilimpigia magoti mchoraji aufute ule mwili wa pichani. Akanijibu kwa upole kabisa kwamba picha ile si yake tena, ni ya taifa.

Ikatundikwa katika ukumbi wa maonyesho. Watu wakamiminika wamevaa nyeusi, wakalia kwa ajili ya nchi yetu inayotawaliwa kimabavu kutoka Vienna. Na kila walipolia, Ambrus alizidi kupoa. Ningewazuiaje, jamani? Wote walikuwa na uchungu wao, nao walikuwa wananizikia mume.

Jioni moja nilimkuta kitandani amekunja mikono kifuani, vilevile kama alivyolazwa kwa mchoraji. Nikamgusa shavu.

Rangi mbichi ikabaki kidoleni.

“Terka... usilie,” akasema.

Nikaung’ata mtandio wangu. Nikaomba Mungu. Nikatazama ukutani, nikatazama dari, popote pale isipokuwa usoni pake. Lakini mtu unampenda, anakwisha mbele yako, utayafungia wapi machozi?

Moja likadondoka mkononi mwake.

Kifua kikatulia.

Tulimzika kwa heshima zote, na mimi mwenyewe nilimtupia udongo. Lakini watokao ukumbini wananong’ona kwamba sanda ya pichani hupanda... na kushuka. Sijaenda kuangalia. Naogopa. Nikimkuta kweli anapumua mle ndani, nitamtoaje?