Amplifaya ya Marehemu

Yaliyompata rafiki yangu Irfan, fundi wa kurekodi muziki pale Soweto, Mbeya, bado yananisisimua mwili. Mama Esta wa Kilolo alimletea amplifaya ya gitaa, ya zile za zamani zenye taa za vioo ndani, iliyofumuliwa na kuungwa upya na marehemu mumewe.

"Mwanangu, ihifadhi sauti yake kwenye kompyuta kabla haijafa," akamwomba. "Mzee wangu alikuwa haanzi wimbo wa kwaya mpaka aigonge mara tatu."

Irfan akaziba dirisha kwa mablanketi, akaanza kurekodi. Mara umeme ukakatika, amplifaya ikazima. Laptopu ikaendelea kurekodi kwa betri.

Akavaa hedifoni, akasikiliza alichorekodi. Baada ya umeme kukatika, kimya. Kisha: ngo. Ngo.

Akazivua.

Pigo la tatu likalia gizani, kwenye sanduku la amplifaya, kando ya goti lake.