Kabati Lililotiririsha Maji

Sogeeni, enyi mlioitikia wito. Mliosimama mlangoni ingieni, na mwenye soga na jirani yake ailaze kwanza. Tegeni masikio, kisha tegeni na nyoyo. Baba yetu Adamu, kabla hajapewa jembe wala vazi, alifundishwa majina ya vitu, na malaika wenyewe wakakiri kwamba hawayajui. Jina la kitu, basi, ni amana. Sikilizeni habari za mtu aliyeifanyia khiana amana hiyo, na za mgeni aliyeingia nyumbani mwake kuidai.

Mtu huyo aliuza samani za kale. Mtaa ulimwita Nakshi, kwa kuwa hakuweza kupita penye mbao iliyochongwa bila kuipapasa. Nyuma ya duka palikuwa na karakana, na juu yake aliishi na mkewe na binti yao wa pekee. Binti ndiye aliyekuwa ulimi wa duka. Tangu utotoni baba alimlisha maneno ya kazi: mkia wa njiwa, kile kiungo cha pembeni ambacho meno yake hupanuka nchani yasichomoke, ngozi ya miaka, ule weusi laini ambao mikono ya watu na wakati huuacha juu ya mbao, usioigwa na vanishi yoyote, na kabati la ndoa, yaani lililoungwa kutokana na samani mbili zisizojuana, milango ya hii na kiwiliwili cha ile. Muuzaji mwaminifu humwambia mnunuzi, "Hili ni la ndoa," kisha mnunuzi akaamua mwenyewe.

Asubuhi moja binti aliona tone la maji chini ya kabati ambalo baba alikuwa amelitoa karakanani. Akalifuta. Alipogeuka, lilikuwapo jingine. Mvua haikuwa imenyesha, wala hapakuwa na bomba karibu.

"Baba, kabati linavuja."

"Mbao haivuji, mwanangu. Umemwaga ndoo."

"Na linanuka kafuri."

"Dawa ya mchwa hiyo," alisema, upesi mno. "Futa. Nesi anakuja."

Nesi alikuwa jirani yao, mimba yake imekaribia kutimia, naye alitafuta kabati la nguo za mtoto. Akaipapasa milango ile myeusi, akatabasamu.

"Mdogo wangu, niambie kweli. Hili si la ndoa? Nisije nikauziwa mke wa mtu!"

Binti alimtazama baba yake. Jicho la binti lilikuwa limekwisha kuona kwamba milango na kiwiliwili havikuzaliwa pamoja. Nakshi akakohoa. "Mwambie, mwanangu. Mti mmoja, mkono mmoja."

"Mti mmoja, mkono mmoja," binti akasema, na tangu neno hilo ulimi wake haukuwa wake tena.

Nesi akalipa arubuni, akaahidi kurudi jioni na nguo za mtoto. Adhuhuri mteja alishika kiti, akauliza kama ni cha zamani. Binti akajibu kwa sauti nzito, kama ya mtu asemaye ndani ya mtungi: "Mbao za kreti. Kimepakwa chai juzi. Matundu ya mchwa yametobolewa kwa msumari." Mteja alicheka, akidhani ni mzaha. Kisha akayaona macho ya binti, akatoka kinyumenyume. Aliyefuata aliuliza habari za meza. "Ganda la msaji," ikasema sauti, "juu ya mbao za sanduku la sabuni." Kufikia alasiri habari zilikuwa zimefika sokoni, na vijana wakapita wakipaza sauti: "Nakshi! Mkeo naye umempaka chai?"

Akafunga duka. Akamfungia binti karakanani. Angalieni, ndugu zangu: kabla ya kumwonea mtoto huruma, aliona haya mbele ya watu.

Mkewe akamwita kaka yake, msomaji wa dua aliyezoea kuwatoa majini. Alipofika mlangoni alimtazama Nakshi juu na chini.

"Shemeji, wewe ungeuza kivuli ukaapa ni cha mninga. Leo umeuza nini?"

"Sijui."

"Haya. Hujui."

Walipoingia karakana walimkuta binti amelala sakafuni, amenyooka, mikono ubavuni, midomo imefungana, nywele zikichuruzika maji ambayo hakuna aliyemmwagia. Na kutoka dukani, ambako hapakuwa na mtu, ilisikika kata ikichota na kumimina, ikichota na kumimina, upande wa kulia kwanza, kisha wa kushoto, taratibu, kwa adabu, kama wafanyavyo wale wanaomwandaa ndugu yao kwa safari ya mwisho, na harufu ya kafuri ikapenya chini ya mlango, ikapanda kuta, ikawajaa kooni hata mama akashindwa kulia.

Mjomba akasoma. Kinywa cha binti kikafunguka.

"Usinichome kwa maneno hayo, nayajua. Nilikaa penye mbao hizo tangu zilipochongwa, nikasikia kila dua iliyosomwa juu yake. Huyu alipewa azizike. Na aseme ni mbao gani."

Nakshi akapiga magoti, akamnong'oneza shemejiye sikioni: kwamba nyumba ya kuoshea maiti ilijengewa jukwaa la mawe, kwamba waangalizi walimkabidhi kitanda cha zamani akifukie kwa heshima, kwamba aliiona ngozi ile ya miaka, nyeusi, laini, iliyosuguliwa na maji na mikono ya waombolezaji, na mkono wake ukakataa kushika jembe. Mjomba akajifunika uso kwa viganja.

"Umenong'ona," ikasema sauti. "Uwongo wako uliusema kwa sauti."

Ndipo nesi akagonga mlango wa duka. Alikuja na nguo za mtoto kikapuni, ajaribu rafu.

"Mwambieni limeuzwa kwa mwingine!" Nakshi alisihi kwa sauti ya chini. "Nitalichoma usiku, nani atajua?"

Mkewe alikuwa ameweka kiganja chake mbele ya pua ya binti.

"Mume wangu," alisema, "mwanao hapumui."

Nakshi akatoka. Jirani aliyesikia hodi alikuwa amemsaidia nesi kuusukuma mlango, na tayari vijishati vidogo vilipangwa ndani ya kabati. Wale vijana wa sokoni walikuwa wamejazana barazani.

"Dada, toa nguo," alisema. Kisha akaanza upya, kwa nguvu, wasikie hata wa mwisho. "Hili ni la ndoa. Kiwiliwili ni cha kabati kuukuu. Milango na rafu ni kitanda cha kuoshea maiti. Nilipewa nikizike, nikakiuza. Binti yangu hakujua. Mimi nilijua."

Hakuna aliyecheka. Nesi alivitoa vijishati kimoja kimoja, akikinusa kila kimoja, machozi yakimtoka, wala hakumtukana. Laiti angemtukana! Maji yakatiririka kutoka chini ya kabati, yakapita kati ya miguu ya watu, yakavuka kizingiti, na sakafu nyuma yake ikabaki kavu.

Kule karakanani binti alikohoa, akaketi. Baba akamkimbilia, akataka kumkumbatia. Binti akamzuia kwa mkono.

"Baba, uliponiambia niseme, ulijua?"

"Nilijua."

Binti akayainamisha macho yake, kwa maana aibu ya mzazi humwelemea mtoto kuliko yake mwenyewe. Mbao zilizikwa jioni ile ile. Nakshi bado anauza. Lakini mteja akiuliza, binti hunyamaza, na baba huyataja mwenyewe yote, ganda, chai na msumari, kichwa kimeinama.

Wewe uliyeketi hapo ukimtafuta Nakshi kwa macho, mwache. Ni kitu gani nyumbani kwako umekipa jina lisilo lake, ukamfundisha mwanao alitamke? Rehema ingali wazi, lakini haiingii kwa kunong'ona. Inuka, umwendee uliyemdanganya, umwambie kwa sauti ile ile uliyomdanganya nayo. Nenda leo.