Punda kwenye Runinga ya Koko Jane

Kathini alifika nyumbani saa kumi na dakika ishirini, kama kila siku. Alipanda ngazi hadi ghorofa ya pili, akafungua mlango kwa ufunguo aliouvaa shingoni, akaingia na kujifungia. Kisha akampigia mama yake kwa ile simu kuukuu iliyokaa juu ya friji.

"Nimefika, Mum."

"Umefunga mlango?"

"Nimefunga."

"Usimfungulie mtu. Kula, fanya homework, halafu ndio uangalie TV. Nitakuja saa moja."

Hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yake yote mpaka saa moja. Mama yake, Evalyne, alishona nguo katika kiwanda kimoja kule Athi River. Baba yake alikuwa fundi wa ujenzi Lodwar na alikuja nyumbani mara mbili kwa mwaka. Kathini na mama yake walikuwa wamehamia Kitengela kutoka mji wa Wote mwezi wa Januari. Kule Wote, Kathini alikuwa na binamu watano na kelele za kutosha. Hapa alikuwa na dirisha lililotazama ukuta wa ghorofa nyingine ambao haujapakwa rangi. Shuleni, katika Gredi ya Saba, wenzake walikuwa wameshagawana marafiki kabla yeye hajafika.

Mama yake aliyaona hayo. Ndiyo maana mwezi wa Machi alinunua runinga ya kisasa, pana na nyembamba, ambayo unaweza kuiamuru kwa sauti. Tena, ukipata video kwenye simu unaituma tu, nayo inatokea pale ukutani ikiwa kubwa kama meza. Waifai ilikuwa ya ploti nzima. Mwenye nyumba aliiweka, na wapangaji wote walitumia hiyohiyo.

"Sasa hutakuwa mpweke," mama alisema.

Kwa wiki mbili ilikuwa kweli. Runinga ni kitu kizuri. Inaimba, inachekesha, inakuonyesha nchi ambazo huenda hutafika. Ila haikuulizi siku yako shuleni ilikuwaje, na Kathini alilitambua hilo upesi kuliko alivyopenda.

Kosa lenyewe lilianza kwa bahati mbaya. Jioni moja alipata kwenye simu katuni ya punda anayecheza densi kwa miguu miwili. Akabonyeza alama ya kuituma kwenye runinga. Simu ikamwonyesha runinga mbili, zote zikiwa na tarakimu tupu badala ya majina. Akachagua ya juu. Runinga yao ikabaki kimya, lakini muziki wa punda ukaanza kulia upande wa pili wa ukuta.

"Iyiee," sauti ya mwanamke mzee ikasema, "na hii ni nini tena?"

Kisha kikafuata kicheko kirefu, cha mtu ambaye hajacheka siku nyingi.

Kathini alimjua mwenye kicheko. Alikuwa Koko Jane, jirani yao, na koko kwa Kimaasai ni bibi. Aliishi peke yake. Mwanawe Isaac, aliyefanya kazi Kajiado mjini, alimpangia nyumba hapa ili awe karibu na kliniki, kwa kuwa alikuwa amevunjika mguu. Isaac alikuja kila Jumapili. Siku nyingine sita zilikuwa za Koko na runinga yake.

Walikuwa wamekutana mara moja tu, kwenye ngazi. Koko Jane alinyosha mkono kuelekea kichwani mwa Kathini, naye Kathini akaudaka ule mkono na kuutikisa kwa adabu zote alizofundishwa kwao.

"Kwetu mtoto analeta kichwa, mkubwa anakigusa," mzee alimwambia akicheka. "Lakini si neno. Utajua."

Siku iliyofuata, Kathini alimtuma punda tena. Safari hii hakukosea. Aliweka sikio ukutani, akasikia kicheko kilekile, naye akacheka upande wake. Ikawa hivyo karibu kila jioni: leo punda, kesho paka anayeogopa tango. Hakukusudia kumkera mtu. Alitaka tu kucheka wakati mmoja na mtu mwingine, na hakuona njia nyingine ya kufanya hivyo akiwa nyuma ya mlango uliofungwa.

Wiki ya tatu wakakutana tena kwenye ngazi. Koko Jane alikuwa akishuka polepole, mkongojo mkono mmoja.

"Wewe mtoto, kwani TV yenu pia inajiletea punda?"

Lilikuwa swali jepesi, na jibu lake lilikuwa fupi. Lakini Kathini aliona kwamba akisema kweli, mchezo utakwisha, na baada ya mchezo hapakuwa na kitu.

"Hapana, Koko. Sijui huyo punda anatoka wapi."

"Basi yangu iko na shida," Koko Jane akasema, akaendelea kushuka.

Jumamosi moja mama alikwenda kazini kama kawaida, kwa kuwa siku hiyo walifanya kazi mpaka saa saba. Kathini alifua soksi zake, akadeki, akaketi. Yapata saa sita alisikia kupitia ukuta watu wengi wakiimba wimbo wa kanisani. Akadhani ni ibada. Akamtafuta punda, akabonyeza.

Wimbo ukakatika na punda akaanza. Kathini akaweka sikio ukutani, akasubiri kicheko.

Hakikuja. Alisikia kitu kikianguka, labda mkongojo. Akasikia rimoti ikibonyezwa kwa vurugu, sauti ya punda ikipanda badala ya kushuka, na Koko Jane akiita jina moja tena na tena. Halafu runinga ikazimwa, na kukawa na kimya ambacho hakikumpendeza Kathini hata kidogo. Akaizima simu na kuirudisha juu ya friji.

Mama aliporudi hakuvua hata viatu.

"Msimamizi wa ploti ameniambia Koko wa hapa karibu amefiwa. Ni dada yake. Wamemzika leo huko Oltepesi. Chukua ile sukari twende tumwambie pole."

Koko Jane aliwakaribisha kwa sauti iliyokwaruza. Chumba kilikuwa safi na kitupu. Runinga ilikuwa imefunikwa shuka.

"Pole sana, Koko," mama akasema. "Ni vibaya hukuweza kufika."

"Mguu haukubali gari ya mbali. Isaac akaniwekea kwa TV, laivu, ndiyo nimwone dada yangu mara ya mwisho." Alitazama ile shuka. "Unajua tulikosana. Wakati nilikuwa nahama, aliniambia, utakufa huko mjini katikati ya watu hawakujui. Nikakasirika. Miezi mitatu hatuongei, mpaka amekufa. Leo nikasema, angalau nitamuaga. Wakati wanamteremsha tu, picha ikaenda. Punda ikakuja. Punda inacheza, na dada yangu anaingia kaburini."

"Hiyo ni TV imeharibika, Koko. Fundi ataiangalia," mama alisema.

"Hapana. Dada yangu amekataa nimuage. Isaac amepiga simu, anasema picha zote zimebaki huko ndani, atanionyesha. Sitaki. Mtu akikukataa, utamwangalia kwa nguvu?"

Kathini alishika kikombe cha chai mpaka kikapoa. Aliona aibu, na aliogopa, na juu ya hayo alimhurumia yule mzee kiasi cha kutaka kulia. Waliporudi kwao alikula vijiko viwili vya githeri na kusema ameshiba.

Asubuhi ya Jumapili mama alikuwa chini uani akianika nguo. Kathini akasikia mlango wa jirani ukifunguliwa. Alichungulia, akamwona Isaac, mwanamume mrefu aliyevaa suti ya jana iliyojaa vumbi, akielekea ngazi huku amebeba runinga.

"Unaipeleka wapi?" Kathini akauliza. Hata salamu alisahau.

"Koko hataki kuiona tena. Naenda nayo Kajiado."

Hapo Kathini angeweza kufunga mlango. Runinga ingeondoka, na hakuna mtu duniani ambaye angejua. Lakini upande wa pili wa ukuta mzee angebaki na siku zake sita, bila hata sauti ya runinga, akiamini kwamba dada yake alimkataa.

"Haijaharibika," alisema. "Ni mimi. Mimi ndiye nilituma punda."

Isaac aliiweka runinga chini taratibu. "Umesema nini?"

Kathini akamweleza kuhusu simu na waifai na zile tarakimu. Kadiri alivyoeleza, uso wa Isaac ulizidi kukaza.

"Unajua dakika hiyo walikuwa wanafanya nini?"

"Najua. Koko alituambia jana."

"Na ukanyamaza?"

"Nilinyamaza."

"Ingia umwambie mwenyewe," Isaac akasema.

Koko Jane alikuwa ameketi kitandani, mguu mbaya ameunyosha. Kathini alisimama mbele yake akatazama sakafu.

"Koko, si dada yako aliyefanya picha ipotee. Ni mimi nilituma punda, kwa simu yetu. Hata wale wengine wote ni mimi. Na siku ile kwenye ngazi nilikudanganya."

Mzee alimgeukia Isaac, naye Isaac akarudia yote kwa Kimaasai, polepole.

"Basi si yeye," Koko Jane akasema. Machozi yakamtiririka, naye hakuyapangusa. "Si yeye. Ni mtoto tu."

Isaac aliirudisha runinga mahali pake. Kathini ndiye aliyetafuta yale matangazo ya mazishi, kwa kuwa ndiye aliyejua upesi yalipohifadhiwa. Mama yake, aliyekuwa amepanda na beseni tupu na kukuta mlango wazi, aliambiwa kisa chote kwa kunong'onezwa. Alimtazama bintiye kwa namna ambayo Kathini hakuisahau, kisha akaketi.

Wakatazama pamoja. Jeneza likateremshwa, na safari hii hakuna kilichokatiza. Koko Jane alisema maneno machache kwa Kimaasai, kwa sauti ya mtu anayeongea na aliye chumba kimoja naye. Mara tu baada ya hapo akasimama Virginia, binti wa marehemu, akashukuru waliofika. Kisha akageuka akatazama kamera.

"Mama mkubwa Jane yuko Kitengela, mguu haujapona. Tunajua anatuona sasa hivi. Mama mkubwa, pole. Tuko pamoja na wewe."

Virginia akainua mkono. Na Koko Jane, siku moja baadaye, akainua wake mbele ya runinga.

Kathini hakuweza kuvumilia. Tunajua anatuona. Dakika ile walipokuwa wakimwambia hivyo, Koko alikuwa akihangaika na rimoti gizani mwa huzuni yake, na yeye Kathini alikuwa ameweka sikio ukutani akingoja kicheko. Alilia mpaka Isaac mwenyewe akamletea maji.

Mazishi yalipokwisha, mama yake alizungumza.

"Mara ya kwanza ulikosea, Kathini, na kukosea hakuna mtu angekulaumu. Lakini uliulizwa, ukadanganya. Huo uongo ulikuwa mdogo, ukadhani utakaa hivyo. Umeona umefika wapi? Mpaka kaburini. Ukweli ungeusema pale kwenye ngazi, mngecheka wote na mambo yaishe."

"Nisamehe, Koko," Kathini akasema. "Nisamehe, Mum."

"Nimekasirika, usidhani sijakasirika," Koko Jane alisema. "Lakini umekuja mwenyewe, hakuna mtu amekuvuta, kwa hivyo itaisha. Sasa niambie. Kwa nini unaniletea punda?"

Kathini alifikiri. "Nilikuwa nasikia ukicheka."

Mama yake aliangalia beseni lililokuwa miguuni pake.

"Mimi ndiye nilimwambia asimfungulie mtu," alisema hatimaye.

"Ulikuwa unamchunga. Hata Isaac amenifungia hapa, ananichunga," Koko Jane akajibu, na Isaac akajikuna shingo. "Sikia, mtoto. Huyo punda mimi nilimpenda. Ukitaka mtu, usipitie kwa ukuta wala kwa TV. Kuja kwa mlango, bisha, sema ni wewe. Tutamwangalia pamoja."

Jumatatu Kathini alipanda ngazi saa kumi na dakika ishirini. Mama alikuwa amekubali, na Koko alikuwa amenunua maziwa. Alipiga simu kusema amefika, akaacha mkoba, akatoka na kufunga mlango nyuma yake. Akabisha mlango wa pili.

"Nani?"

"Ni mimi, Kathini."

Koko Jane akafungua. Kathini hakunyosha mkono. Aliinamisha kichwa, akangoja, na kiganja cha mzee kikatua juu ya nywele zake, kikakaa hapo muda kidogo.

"Takwenya," Koko Jane akamsalimu kwa Kimaasai. "Unajibu, iko."

"Iko."

"Sasa niambie, shule ilikuwaje leo?"