Maji Yalivyoozesha Maua ya Mama

Mkewe alipofariki, fundi seremala aliacha randa na msumeno. Asubuhi na jioni alibeba ndoo hadi nyuma ya jiko, akamwagilia maua ya marehemu. Joto lilikuwa kali. Majani yote yalikuwa yamekauka, ukabaki udongo mweusi uliolowa chepechepe.

"Baba, pumzika," binti yake alimsihi.

"Haya yakifa, mama yako atakuwa amekufa mara mbili."

Siku moja jirani yao, muuza miche, alikuja kuwajulia hali. Mtaa mzima ulimwita Mama Miche. Alinusa, akakunja uso.

"Shemeji, hapa pananuka uozo."

Alichimba kwa vidole, akatoa kitunguu ambacho ua huchipukia. Kilipasuka mkononi, kikatoa maji yenye harufu mbaya.

Fundi aliketi chini palepale. "Nimeyaua kwa mkono wangu."

"Umeyapenda kupita kiasi. Maua haya hulala wakati wa joto. Majani yakikauka, acha maji. Aliyelala hanyweshwi."

Walichimbua vitunguu vyote. Vingi vilikuwa vimeoza, wakavitupa. Vichache vilikuwa bado vigumu, wakavianika kivulini.

"Msivichanganye na vitunguu vya jikoni," Mama Miche alionya. "Hivi ni sumu."

Fundi aliinua tuta penye jua, akachanganya udongo na mchanga ili maji yasituame. Wakavipanda, shingo zikichungulia juu.

"Joto likipungua, mwagilia," Mama Miche alisema. "Maua hutangulia, majani hufuata. Majani usiyakate mpaka yakauke yenyewe, maana ndiyo yanayolisha kitunguu. Ila tumevisumbua. Mwaka huu huenda vikanuna."

Vikanuna kweli. Joto lilipopungua, yalitoka majani matupu. Fundi alishika jembe.

"Yamenikataa. Nang'oa!"

Binti alisimama mbele ya tuta. "Baba, mama alikuwa akiyasubiri. Na wewe subiri."

Jembe likarudi stoo. Msimu wa joto uliofuata, fundi hakugusa ndoo. Kukaa bure kulimtesa, mwisho akarudi kwenye meza yake ya kazi, akaanza kupiga randa.

Joto lilipokatika, akamwagilia. Asubuhi moja kikonyo kimoja kilikuwa kimesimama peke yake, bila jani hata moja, kimefungua maua ya rangi ya waridi. Fundi akapiga magoti, akaangua kilio. Hata siku ya mazishi hakulia. Binti yake hakumnyamazisha. Aliketi kando yake, akalia naye.