Kona ya Nyuma Kushoto

Mama hushona mahema, na kila Jumamosi asubuhi tunapeleka moja kwa mteja juu ya gari la mjomba. Hema likikunjwa hulingana na godoro la watu wawili, na uzito wake acha tu. Tunalilaza kwenye keria, kisha kila mtu anafunga kona yake. Ukimaliza, unaning'inia kwenye kamba kwa uzito wako wote, halafu unasema, "Yangu imeshika." Hakuna anayekagua kona ya mwenzake.

Jumamosi ile nilitaka kumwahi kaka kiti cha mbele. Nilipitisha kamba harakaharaka, nikapiga fundo, na sikuning'inia.

"Yangu imeshika," nikasema.

"Kiherehere, leo umetushinda wote," mjomba alinitania.

"Nimezoea, mjomba."

Tulipoingia barabara kuu, kitu kikaanza kupigapiga paa. Nikajaribu kukumbuka kona yangu, ile ya nyuma kushoto. Kile nilichopitishia kamba kilikuwa laini. Hakikuwa chuma cha keria, kilikuwa mshikio wa mfuko wa hema! Nilikuwa nimeufunga mzigo kwa mzigo.

Nikahama upande huu, nikahamia ule.

"Umekalia siafu?" kaka aliuliza kutoka nyuma.

Nikainua macho kwenye paa. Nikisema, Mama hatanipa kamba tena. Labda tutafika salama. Nikatazama kioo cha pembeni. Nyuma yetu kulikuwa na pikipiki, na katikati ya dereva na abiria wake alibanwa mtoto mdogo mwenye kofia nyekundu. Mbele, barabara ilianza kuteremka. Juu, kitu kikaburuzika.

"Mjomba, simama. Kona yangu haijashika."

"Si ulisema imeshika?" Mama aliuliza.

"Nilidanganya, Mama."

Mjomba akaegesha pembeni. Hema lilikuwa limegeuka, nusu yake ikining'inia nje. Pikipiki ikatupita, na yule mtoto akatupungia mkono.

Tulifunga upya. Safari hii nilining'inia mpaka miguu ikaacha ardhi.

"Shuka, utang'oa keria," kaka alisema.

Mteja wetu, nesi wa kliniki ya watoto, alikuwa akitungoja uwanjani na mizani yake, na akina mama wenye watoto wachanga wakichomwa na jua. Tulipomaliza kusimamisha hema, Mama alinivuta kando.

"Fundo bovu nitakufundisha kulirekebisha," alisema. "Lakini uongo ni kama ule mzigo uliofungwa kwa mzigo. Gari likiwa limesimama, unauona umekaza. Likitembea unaanguka, tena unamwangukia asiyehusika. Leo umesema mapema, ndiyo maana yule mtoto wa pikipiki amefika kwao."

Nikainamisha kichwa. Nilijua kona yangu atapewa kaka.

Jumamosi iliyofuata tulilaza hema jingine kwenye keria. Nikasimama kando, mikono nyuma. Mama akanirushia kamba.

"Nyuma kushoto," akasema. "Mwenyewe yupo."