Mtungi Uliozuia Pumzi

Picha ya kwanza ilitoka na ukungu, na fundi wa eksirei hakuipenda hata kidogo.

"Kaka, umeugusa mtungi?"

"Niuguse nipitie wapi? Si niko hapa na wewe?"

Kweli alikuwa naye. Kaka yake, mtunza vitu vya kale wa jumba la makumbusho, alikaa ubavuni mwake nyuma ya kioo kizito. Chumba cha pili kilikuwa na mtungi tu, umelazwa kwenye kitanda cha mashine kama mgonjwa, mdomo umezibwa kwa nta. Mkubwa wa makumbusho alitaka ufunguliwe leo leo. Kaka alishasikia kitu kikikwaruza ndani, ndiyo maana akauleta kwa dada yake, waone tumboni mwake kabla haujafunguliwa.

Mashine ile hukata bila kisu. Huzunguka ikipitisha miale: kitu kigumu huizuia na kutoka cheupe, hewa huiachia na kutoka nyeusi, kisha kompyuta hupanga vipande vya picha mfululizo kama mkate uliokatwa. Ukungu huletwa na mgonjwa anayetikisika au kupumua. Mtungi utapumuaje?

Akarudia. Ukungu uleule, na safari hii chumba kilianza kunuka nywele zilizoungua. Walitazamana, kila mmoja akimshuku mwenzake, kwa kuwa kumshuku mtu kulikuwa na nafuu.

Kwa mazoea ya kazi, bila kufikiri, dada akabonyeza kipaza sauti. "Vuta pumzi. Zuia."

Kaka akacheka. "Umechoka, mdogo wangu. Unaongea na chungu."

Kicheko kikamkaukia mdomoni. Picha iliyofuata ilikuwa safi, safi kupita kiasi, na ndani ya mtungi kilikuwemo kitu kimejikunja magoti kifuani, mbavu zake nyembamba zimepangana, vidole virefu vimeushika mdomo wa mtungi kwa ndani, na kichwa, ambacho hakikuwa cha mtoto wala cha mnyama, kimegeukia upande wa kioo walipokuwa wamekaa.

"Kimekusikia," kaka alinong'ona.

"Usiingie humo. Nakuomba."

"Nikiuacha, wa makumbusho watauvunja. Naurudisha nilikoutoa."

Akapiga moyo konde, akaingia. Aliuinua mtungi, akashangaa jinsi ulivyokuwa mwepesi, kisha ukamponyoka, ukapasuka sakafuni. Ulikuwa mtupu. Kaka akaanguka, kashika kifua, kinywa wazi, wala hewa haiingii wala haitoki.

Dada alimkimbilia, akampigapiga mgongo, akamwita, akaona midomo ikigeuka rangi ya majivu, na ndipo alipokumbuka kwamba kila mgonjwa aliyemwambia azuie pumzi alimwambia pia aiachie, isipokuwa huyu mmoja wa mtungini. Akajua fika ruhusa ile angempa nani. Lakini alikuwa na kaka mmoja tu duniani.

"Pumua," akasema, machozi yakimtoka.

Kifua kikapanda. Dada akakilalia kwa furaha, sikio juu ya mbavu, akisikiliza pumzi ikiingia na kutoka, nzito, ya taratibu.

"Nimepona, mdogo wangu," kaka akasema. "Sasa mbona unatetemeka?"

Kaka alikuwa anaongea, na chini ya sikio lake pumzi ile ilikuwa bado inavutwa ndani, ndefu, bila kukatika.